Kijana alikaza mpaka bomba likapinda, gurudumu likalegea vilevile

Nati ya kwanza tuliikuta vumbini, kama mita 200 nyuma ya trekta. Ya pili hatujaiona hadi leo. Trekta lilikuwa limesimama kando ya barabara ya Awasi kwenda Chemelil, trela la miwa nyuma yake, na gurudumu la nyuma la kushoto limelala upande kama kofia ya mlevi. Dereva alikuwa anasikia ka-ka-ka tangu alipotoka shambani, akadhani ni pini ya trela. Ng'ombe walipovuka barabara akashika breki. Mlio ukawa mmoja, mkubwa, na nyuma ya trekta ikayumba. Kilichomwokoa ni mwendo wake wa pole na miwa iliyomlemea.

Mimi ni fundi wa mitambo ya shamba pale Ahero, kwenye uwanda wa Kano, magharibi mwa Kenya. Nilipigiwa simu Jumatano saa tisa alasiri nikafika saa kumi. Trekta lenyewe nalijua vizuri: nguvu za farasi 75, linasukuma kwa magurudumu ya nyuma tu, na lina umri mkubwa kuliko tanboi wake, yaani msaidizi wa dereva. Msimu wa kuvuruga majaruba ya mpunga huvuliwa tairi za nyuma na kufungwa keji, yale magurudumu ya vyuma vitupu yanayoshika tope. Kazi ya mpunga ikiisha linavalishwa tairi tena, linaingia kwenye miwa. Katika huko kuvua na kuvalisha ndiko kisa hiki kilikozaliwa, siku nne kabla ya simu ile.

Nimekiandika kirefu kwa sababu hukumu ilitolewa palepale barabarani, kabla hata sijainama kutazama, na hukumu hiyo haikuwa sahihi.

Hukumu ya barabarani

Mzee mwenye trekta alifika kwa bodaboda akiwa tayari amekasirika. "Nilikuambia ukaze! Nilisema nini mimi?" Tanboi, kijana wa miaka kama kumi na tisa, alijibu akitazama chini: "Baba, nilikaza. Nilining'inia kwenye bomba mpaka likapinda." Mzee hakutaka kusikia habari ya bomba, lile linalovishwa kwenye mpini wa spana kuurefusha. Mshahara wa wiki ukakatwa mbele ya watu.

Watu nao walikuwa na lao. Mmoja alisema kuna mtu amelegeza nati usiku, kwa wivu, maana trekta hili limekuwa likipata kazi nyingi. Mwingine alilaumu barabara. Dereva, ambaye hakutaka kumkosea mzee wala kumtupa kijana, alikubaliana na kila aliyesema.

Habari ya mtu wa usiku niliifuta baada ya dakika tano. Nati ikilegezwa kwa spana jioni na gurudumu likatoka asubuhi, matundu ya sahani hayawahi kuliwa. Haya yalikuwa yameliwa. Kwa wasiofahamu gurudumu la nyuma la trekta: tairi linakaa kwenye rimu, rimu inashikwa na sahani (lile bamba nene la katikati), na sahani inafungwa kwenye habu (kitovu kinachozungushwa na ekseli) kwa bolti, nane katika trekta hili. Matundu ya sahani, ambayo yalikuwa ya duara, sasa yalikuwa na umbo la yai, kingo zake zimeng'aa. Kuzunguka kila tundu palikuwa na unga wa rangi ya kahawia iliyoiva, mfano wa ugoro. Unga huo ni chuma kinachosagana na chuma kingine kwa muda, kisha kikashika kutu. Sahani ilikuwa inacheza tangu Jumatatu.

Barabara nayo ina lawama yake, na gurudumu la kushoto huonja zaidi kwa sababu huku kwetu tunaendesha kushoto na ndilo linalopita penye ukingo uliomeguka. Lakini gurudumu la kulia lilifungwa siku hiyohiyo, na mkono uleule, likapita barabara ileile, na lilikuwa bado limesimama. Basi swali langu likawa moja tu: tofauti ya kulia na kushoto ni ipi?

Nikahesabu. Kati ya bolti nane za kushoto, tatu zilikuwa zimekatika. Mbili hazikuwa na nati. Tatu zilikuwa na nati, lakini nilizizungusha kwa vidole.

Ukisoma bolti iliyokatika utajua ilivyokufa. Mbili kati ya zile tatu zilikuwa na uso laini uliojaa mistari iliyopinda, kama mgongo wa kome wa ziwani, kisha sehemu ndogo ya mwisho iliyoparuza. Hiyo ni bolti iliyochoka: ufa ulianzia kwenye mzizi wa uzi, yaani chini ya ule mfereji unaoizunguka bolti ambamo nati hupita, ukaongezeka kidogo kidogo kila gurudumu lilipozunguka, mpaka kikabaki kipande kisichoweza kubeba mzigo. Bolti ya tatu haikuwa hivyo. Shingo yake ilikuwa imekonda kabla ya kukatika, kama chingamu iliyovutwa. Kichwani haikuwa na namba yoyote, na nyuzi zake zilikuwa pana kuliko za wenzake.

Nikamuuliza dereva. Akakumbuka kwamba msimu uliopita bolti mbili zilivunjika wakati wa kufunga keji, mtu akatumwa sokoni, akarudi na mbili za unene uleule pamoja na nati zake. "Ziliingia bila shida," akasema. Ziliingia, ndiyo.

Bolti si kigingi

Kosa hili liko kwa wengi, hata kwa mafundi wenzangu. Tunadhani bolti inashikilia gurudumu jinsi kigingi kinavyoshikilia kamba ya mbuzi, yaani bolti imesimama katikati na gurudumu linaiegemea. Lakini tazama tundu la sahani: ni pana kuliko bolti. Gurudumu likifungwa vizuri, sahani haigusi ubavu wa bolti hata kidogo.

Bolti ni mpira wa manati, ila wa chuma. Unapokaza nati unaivuta bolti irefuke, nayo inataka kurudi. Huko kutaka kurudi ndiko kunakoiminya sahani kwenye habu, na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba trekta, trela, miwa na mashimo ya barabarani. Nyuso zikibanana sawasawa, bolti haipati kazi ya kukatwa. Zikiachana, sahani huanza kuteleza mbele na nyuma, mbele unapovuta, nyuma unaposhika breki, na kila mara inaigonga bolti ubavuni. Ka-ka-ka ya dereva ilikuwa hiyo.

Hesabu yake haina ugumu. Kitabu cha trekta hili kinataka nati za nyuma zikazwe kwa Nm 270 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na bolti zake ni za milimita 18. (La kwako lina namba yake. Usichukue yangu.) Nyuzi zikiwa kavu na safi, Nm 270 huleta mvuto wa karibu kilonyutoni 75 kwa kila bolti, yaani kama tani saba na nusu. Mara nane ni tani 60 zinazoiminya sahani ile. Ndiyo maana gurudumu halitelezi.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana hapa ndipo mzee alipoanza kunyamaza nilipomweleza. Kwa mvuto huo wa tani saba na nusu, bolti inarefuka kiasi gani? Sehemu inayovutika hapa ni kama milimita 35. Chuma kikivutwa hivyo kinarefuka takriban milimita 0.06. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa milimita 0.1. Kwa hiyo nguvu yote inayoshikilia gurudumu imehifadhiwa katika urefu usiofika hata unene wa karatasi. Ukiweka kati ya sahani na habu kitu chochote ambacho baadaye kitapungua kwa kiasi hicho, tani zote saba na nusu zimekwenda, na nati haijazunguka hata kidogo.

Rangi hupungua hivyo. Kutu ya magamba hupungua. Tope lililokauka hupungua mara kumi ya hivyo.

Kuna jambo jingine la kuudhi: nguvu nyingi unayoitia kwenye spana haifiki kwenye bolti. Karibu nusu inaliwa na msuguano chini ya nati, kama asilimia 40 inaliwa ndani ya nyuzi, na takriban sehemu moja ya kumi tu ndiyo inayoivuta bolti. Nyuzi zikiwa na kutu na mchanga, hata hiyo moja inaibwa. Spana inakuwa ngumu, unatoka jasho, unaamini umekaza, kumbe umesuguana na uchafu. Ukipaka oili nyuzi ambazo kitabu kinataka ziwe kavu, mambo yanageuka: kwa Nm zilezile mvuto unaweza kuongezeka kwa theluthi. Wapo wanaopaka oili chafu halafu wakakaza kwa bomba refu, wakashangaa bolti kukatika mikononi.

Na mvuto ukishashuka, nani anaizungusha nati irudi? Gerhard Junker, mhandisi wa Kijerumani, alionyesha jambo hilo mwaka 1969. Alitengeneza mashine ya kutikisa bamba lililofungwa kwa bolti, akalitikisa kwa ubavu, kushoto na kulia. Bamba likianza kuteleza chini ya nati, nati hujifungua yenyewe, kidogo kwa kila mtikiso. Mtikiso wa kufuata urefu wa bolti hauna madhara makubwa kama huo wa ubavuni. Na washa ya springi, ile iliyokatwa ambayo kila duka linaapa kwamba inazuia kulegea, haikusaidia kitu kwenye mashine ya namna hiyo. Ikishabanwa inakuwa bapa, washa kama washa nyingine. Nimeacha kuzinunua.

Kwa hiyo kulegea kuna hatua mbili. Kwanza mvuto unapotea kimya kimya, nati ikiwa palepale. Halafu sahani inaanza kuteleza, na hapo ndipo nati inapozunguka. Mtu anayeangalia kama nati zipo anaangalia hatua ya pili tu.

Jumamosi ilivyokuwa

Nilimweka kijana na dereva chini ya mti, kila mmoja peke yake, wakanisimulia. Masimulizi yalilingana.

Keji zilivuliwa asubuhi uani kwa mzee. Tairi la kulia lilikuwa limeegemezwa kwenye mwarobaini tangu kazi ya mpunga ianze. La kushoto lilikuwa limelazwa chini, uso wa ndani wa sahani ukitazama ardhi, na ardhi ya Kano mnaijua: udongo mweusi, ukinyeshewa unashika kama gundi, ukikauka ni tofali. Kabla ya msimu mzee alikuwa amezipaka sahani zote mbili rangi, ndani na nje, zipendeze. Nje hakuna ubaya. Ndani, pale zinapokutana na habu, alipaka mara mbili.

Kulia lilifungwa kwanza, bila haraka. Kijana alikaza kwa spana na bomba, amesimama. Walipofika kushoto, mawingu yalikuwa yametanda upande wa Nandi. Jeki ikaanza kuzama kwenye udongo kwa sababu hawakuweka ubao chini yake. Wakatia bolti haraka haraka, wakazungusha nati kwa mkono, wakashusha jeki kabla trekta halijaanguka, ndipo kijana akakaza. Uzito wa trekta ulikuwa tayari umeiegemeza sahani kwenye bolti za upande mmoja. Akaanza na nati ya juu, akaikaza hadi mwisho, akaenda inayofuata, na inayofuata, kwa kuzunguka kama mshale wa saa. Sahani inayokazwa hivyo hukaa upande. Bolti za mwanzo zinabana ukingo mmoja huku ukingo wa pili uko wazi, na za mwisho zinapokazwa zile za mwanzo zinalegea bila kuguswa.

Alihisi kuna kitu. "Nati za kushoto zilikuwa zinaendelea kuingia, fundi. Hazikuwa zinafika." Alikuwa anaminya tope. Badala ya kusimama na kujiuliza, alifanya ambalo sote tungefanya tukiwa na miaka kumi na tisa na mvua inakuja: akaning'inia. Kilo zake 65 kwenye bomba la mita 1.2 ni karibu Nm 765, mara tatu kasoro kidogo ya namba ya kitabu. Bomba lilikuwa bado ndani ya trela. Limepinda kweli.

Bolti za asili zina alama 8.8 kichwani, namba ya daraja la nguvu ya chuma chake. Kwa unene huo na nyuzi zile za karibu karibu, bolti ya 8.8 inastahimili kama tani 13 kabla ya kurefuka moja kwa moja. Zile mbili za sokoni hazina alama. Nyuzi zake pana na jinsi shingo ilivyokonda vinanionyesha chuma laini, cha daraja la 4.6 au karibu na hapo, kinachofika mwisho wa subira yake kwenye tani nne na nusu. Hata kwa Nm 270 za kitabu zingevutika zisirudi. Kwa Nm 765 zilikuwa zimeshakwisha kabla trekta halijatoka uani, na bolti isiyorudi ni mpira wa manati uliokatika. Nilichukua ile ya sokoni iliyobaki nzima, nikailaza nyuzi kwa nyuzi na mpya ya 8.8. Nyuzi hazikuoana, moja ikapanda juu ya mwenzake.

Sita zilizobaki zikabeba kazi ya nane, zikiwa zimekalia tope. Jumapili trekta lilikaa. Jumatatu miwa ikaanza. Tope likasagika kuwa unga, unga ukatoka, na palipokuwa na milimita mbili za udongo pakawa na nafasi. Nilipoitoa sahani, robo tatu ya uso wake bado ilikuwa na udongo mkavu, na umbo la habu limechapwa juu yake kama muhuri.

Wala hakuna aliyerudia kukaza. Kama Jumatatu asubuhi, baada ya saa moja ya kazi, mtu angetia spana kwenye nati zile, angehisi zinazunguka na kisa kingeishia hapo. Hilo si kosa la tanboi peke yake. Dereva alikuwepo, mzee alikuwepo, na kitabu kilikuwa kwenye droo ya kabati la vyombo, ndani ya mfuko wa nailoni.

Gurudumu la kulia

Hapa nilipata nilichokuwa nakitafuta. Spana ya kupimia nguvu sikuwa nayo. Yangu ilikuwa imeazimwa na aliyeiazima hapokei simu. Nikaazima mizani ya ndoano, ile ya saa ambayo wanunuzi wa mpunga hupimia magunia. Ukivuta spana kwa kilo moja, mita moja kutoka katikati ya nati, umepata karibu Nm 10. Kilo 27.5 kwenye mita moja ni Nm 270. Nilitia alama kwenye bomba nyoofu kwa futi ya kamba, mita kamili kutoka katikati ya soketi, si kutoka mwanzo wa bomba. Spana nikaisimamisha wima na kuvuta mizani kwa ulalo, ili uzito wa bomba usiingie kwenye hesabu, na kamba ikiwa pembe mraba na bomba. Ukivuta kwa mshazari mizani inakudanganya.

Nati nane za kulia zilianza kusogea kwa kilo 16 hadi 22. Hakuna hata moja iliyofika 27.5. Gurudumu ambalo kila mtu alisema ni zima lilikuwa limeshaanza safari ileile, pole pole tu, kwa sababu huko hapakuwa na tope. Palikuwa na rangi tupu. Kukazwa kwa mikono kuliliweka hai. Lile lililokazwa kwa mwili mzima ndilo lililotoka.

Nilimwonyesha mzee mshale wa mizani, nati baada ya nati. Hakusema neno. Alikwenda kusimama upande wa pili wa trekta.

Kulirudisha

Sahani ya kushoto haikufaa tena. Wapo wanaojaza matundu kwa weldingi na kutoboa upya. Mimi sifanyi hivyo kwenye gurudumu linalovuta tani za miwa katikati ya watoto wa shule. Ilipatikana iliyotumika Kisumu, matundu yake ya duara, tukaipima kwa bolti mpya kabla ya kulipa. Bolti tulinunua nane, zote mpya, zote 8.8, pamoja na nati zake. Zile nne za asili zilizobaki nzima zilikuwa zimegongwa siku tatu, na ufa wa ndani hauonekani kwa macho. Mzee aliuliza mara mbili kama hizo nne haziwezi kusaidia. Hapana.

Kisha usafi, na hapa tulitumia muda kuliko kwingine kote. Uso wa habu na uso wa sahani vilikwanguliwa, vikapigwa brashi ya waya, vikafutwa kwa kitambaa kikavu mpaka chuma kikaonekana mahali pote panapogusana. Rangi ilitoka yote hapo, pamoja na ndani ya vile vikombe vya matundu ambamo nati inakaa. Nyuzi zilipigwa brashi. Hatukupaka grisi wala oili popote. Upande wa kulia tuliufungua pia, tukafanya hivyohivyo.

Jeki ilikalishwa juu ya ubao mnene, na gogo likawekwa chini ya ekseli, maana jeki si ya kuaminiwa kwenye udongo ule. Tairi zenye maji ndani, kama hizi, ni mzigo wa watu watatu na nyenzo. Mtu mmoja akilikumbatia tairi la namna hiyo likamwangukia, hatasimulia. Gurudumu likiwa hewani tulitia nati zote kwa vidole, upande wenye mteremko ukitazama sahani. Nimewahi kukuta nati zimegeuzwa, upande bapa ndani. Zinagusa ncha tu ya tundu na zinalegea siku hiyohiyo.

Mizunguko ilikuwa mitatu. Wa kwanza kilo 10 kwenye mita, gurudumu bado liko juu, sahani ijikalishe yenyewe katikati. Tukashusha. Wa pili kilo 20. Wa tatu 27.5. Kila mara kwa kuvuka: ukizihesabu nati moja hadi nane kwa kuzunguka, unakaza ya 1, ya 5, ya 3, ya 7, halafu 2, 6, 4, 8. Kijana ndiye aliyekaza, mimi nikasoma mizani. Mara ya kwanza alipofika 27.5 aliniuliza, "Ni hapa tu?" Alikuwa ameketi kwenye ndoo.

Bolti za rimu na sahani nazo tulizipitia. Husahauliwa kwa sababu hazifunguliwi wakati wa keji. Mbili zilikuwa zimelegea.

Mwisho tulipiga mstari wa rangi nyeupe kuanzia kwenye nati hadi kwenye sahani. Dereva ataona mstari ukivunjika kabla hajasikia mlio. Ila nilimwonya, na narudia hapa: mstari unaonyesha nati iliyozunguka. Mvuto uliopotea kwa rangi au tope kubonyea hauonekani kwenye mstari wowote. Huo unapatikana kwa spana peke yake.

Kwa hiyo tukakaza tena baada ya kwenda hadi barabara kuu na kurudi. Nati za kushoto zilisogea kidogo kabla ya kufika 27.5, nne kati ya nane. Baada ya saa moja ya kuvuta trela zilisogea mbili. Jioni hakuna iliyosogea. Tulirudia baada ya saa kumi za kazi, kisha ikabaki ya kila wiki, na utaratibu wote unaanza upya siku keji zikifungwa, na siku zikivuliwa. Keji ina bolti zilezile na habu ileile, na inakaa ndani ya tope kutwa nzima.

Mzee hajanunua spana ya kupimia, anasema bei yake ni ya mbuzi wawili. Amenunua mizani. Mshahara wa kijana ulilipwa Jumamosi, bila maneno, ukiwa umekunjwa pamoja na pesa za mafuta. Zile bolti mbili za sokoni ninazo mezani kwangu. Kila anayekuja kununua bolti ya gurudumu namtaka kwanza azishike, anitafutie namba kichwani.